Kisanduku cha Sababu

Hasira za watu wengine huja na kelele, na za wengine huja na adabu. Za Siafu mchana ule zilikuja na vyote viwili. Alipanda ngazi za lile jengo akizikanyaga kama zimemkosea, akampita mpiga chapa wa ghorofa ya chini bila hata salamu, na alipofika kwenye mlango wa chumba chao cha kazi akasimama, akabisha hodi. Hodi, kwenye chumba ambacho ufunguo wake alikuwa nao mfukoni. Mtu wako akikubishia hodi ya namna hiyo, ujue umekwisha.

"Pita, mlango uko wazi," sauti ya Mpole ilijibu kutoka ndani.

Alikuwa ameinamia kompyuta kama kawaida yake, viatu amevivua, mikono ya shati ameikunja, na usoni ana tabasamu la mtu aliyemaliza kazi iliyomsumbua siku nyingi. Tabasamu lile, siku nyingine zote, lilimfanya Siafu asahau alichotaka kusema. Leo alitamani alikunjekunje alitupe dirishani.

"Umekuja wakati mzuri," Mpole alisema. "Ile sehemu ya kumwondoa mshiriki imekubali. Nimeijaribu asubuhi, taarifa inatoka palepale."

"Najua inatoka." Siafu aliweka simu yake mezani. "Soma."

"Nini hii?"

"Soma kwa sauti. Maandishi ni yako, hayawezi kukushinda."

Mpole aliichukua simu. Alisoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili kwa kunong'ona, na wa tatu hakuusoma. Tabasamu lilimtoka usoni taratibu, na rangi ikalifuata.

Ngoja nikueleze vizuri, maana ukiambiwa tu kwamba watu wazima wawili walitaka kuachana kwa sababu ya kisanduku kwenye simu, utawacheka. Siafu na Mpole walikuwa wakitengeneza programu ya simu waliyoiita Bega kwa Bega. Ni ya wale watu wanaopiga filamu kwa mapenzi tu, siku za Jumapili, kwa simu zao na taa za kuazima: muuguzi, seremala, mwalimu wa udereva. Shida ya watu hawa haikuwa kipaji, ilikuwa kuelewana. Mmoja anabadilisha maneno ya mchezo nyumbani kwake, wenzake wanakuja na yale ya zamani. Bibi harusi anaingia mlangoni na gauni la buluu, anatokea upande wa pili na la kijani. Kwenye Bega kwa Bega, kila mmoja angeona maneno, ratiba na nani analeta nini, na mmoja akigusa kitu, wote wanajua saa hiyohiyo.

Siafu ndiye aliyechora kurasa zote. Mpole ndiye aliyezifanya zifanye kazi. Na katika kurasa zote zile, Siafu alijivunia moja kuliko zote: ile ya kumwondoa mtu. Alishaona watu wanaondolewa kwenye filamu kama takataka, bila neno. Kwa hiyo akaweka kisanduku cha sababu. Humwondoi mtu mpaka uandike sababu, tena sababu iliyoshiba, maana ukiandika neno moja au mawili kisanduku kinakataa. Na ukishaandika, inakwenda kwa kikundi kizima, ili kusiwe na minong'ono. "Ni adabu tu," alisema siku alipoichora, na Mpole alimtazama kwa macho yale yake, akasema programu nzima imefanana naye.

Sasa, ili asiharibu filamu ya harusi ya kikundi kilichoanza kuitumia programu, Mpole alikuwa na nakala ya majaribio. Filamu ileile, majina yaleyale, ila humo unaweza kuvunja chochote na hakuna anayejua. Asubuhi ile aliamini yumo humo. Akachagua jina moja, akabonyeza kuondoa, kisanduku kikamwomba sababu, naye akaandika. Hakuwa kwenye nakala. Alikuwa kwenye filamu yenyewe, na jina alilolichagua lilikuwa la mama yake Siafu.

Mama huyo, mwenye duka la vitambaa, alipewa nafasi ya mama wa bibi harusi. Alikuwa akikariri maneno yake huku anapima vitambaa, na hakuna mteja aliyetoka dukani bila kuambiwa habari za Jumapili. Taarifa ilimkuta na mkasi mkononi, wateja wamejaa, na kwa kuwa hakuwa na miwani, alimpa mteja mmoja amsomee. Mteja akasoma kwa sauti safi kabisa:

"Mama ameondolewa kwa sababu hatosheki. Ukimletea maji atauliza mbona hayajachemshwa, ukichemsha atauliza mbona ya moto. Kumridhisha yeye ni kujaza pipa lililotoboka."

"Nilikuwa najaribu," Mpole alisema. Sauti yake ilikuwa chini, kama siku zote, na hilo lilizidi kumchoma Siafu. "Wallahi nilidhani niko kwenye nakala. Sura zake zinafanana, Siafu. Nilikuomba ile ya majaribio uipake rangi nyingine, ukasema itaharibu mandhari."

"Kwa hiyo ni kosa langu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Kwa upole, kama kawaida yako, lakini umesema." Alivuta kiti, hakukikalia. "Sikiliza. Kosa la nakala nalijua, hata mimi ningeweza kulifanya. Sijaja kwa ajili ya nakala. Nimekuja kwa ajili ya maneno. Ulikuwa unajaribu, sivyo? Mtu anayejaribu anaandika nini?"

"Chochote."

"Chochote. Anaandika leo jua kali. Anaandika bata mmoja, bata wawili, mpaka kisanduku kishibe. Wewe ulikuwa na maneno yote ya dunia hii, na hakuna aliyekuwa anakuona. Ukaandika hayo. Hayakukupa shida hata kidogo. Yalikuwa yamekaa hapo mdomoni yanangoja mlango."

Mpole aliitazama kompyuta, kisha akautazama mkono wake.

"Mbona hivyo?" Siafu aliuliza. "Miaka miwili sijakusikia ukimsema mama. Nikikuuliza unasema mama hana neno. Nikikuuliza kama amekuudhi unasema ni mambo ya wazee. Nikajisifu kwa watu kwamba mimi nimepata mtu asiye na kinyongo. Kumbe pipa lilikuwa linajaa humu." Alimgusa kifuani kwa kidole, kwa nguvu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, niliambiwa, sikusikia."

"Nilinyamaza kwa ajili yako."

"Usinichezee. Hakuna mtu ananyamaza kwa ajili ya mtu. Ulinyamaza kwa sababu ni rahisi. Na kesho kutwa ukinioa utaninyamazia na mimi, nitakuwa nakupikia, nakucheka, nalala pembeni yako, sijui nimekukera nini, mpaka siku moja kidole chako kiteleze nisome kwenye simu. Mimi siolewi na mtu ambaye moyo wake nitaujua kwa bahati mbaya."

Alisema hivyo na palepale akaogopa alichokisema, maana alikuwa anampenda mtu yule, anampenda mpaka na ile tabia yake ya kuvua viatu kazini. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Simu ya Mpole iliita. Alikuwa Kamanda, yule mwalimu wa udereva ambaye Jumapili ndiye mwongozaji wa kikundi. Mpole aliipokea, na kwa kuwa Kamanda huongea kama bado yumo garini na mwanafunzi anayekaribia mtaro, Siafu alisikia kila neno.

"Mpole, umefanya nini wewe? Kikundi kizima kinawaka. Mama amechukua vitambaa vyote vya harusi alivyotuazima, amefunga duka. Amefunga duka mchana, unanielewa? Ameniuliza ofisi yenu iko wapi."

"Ukamwambia?"

"Sasa nifanyeje, nimfiche mama mwenye mkasi? Nimemwambia."

Simu ilikatika. Mpole aliinuka, akaanza kuvaa viatu.

"Nitaongea naye," alisema. "Nitaomba radhi. Jumamosi haiko mbali, baba yangu mkubwa na wenzake wameshapanga safari. Siwezi kuwaleta kwa mama aliyekasirika. Bora niyamalize leo."

Siafu alinyamaza. Kilikuwa kimya cha aina nyingine kabisa, na Mpole, ambaye vimya alivijua kuliko mtu yeyote, akaacha kufunga kamba za kiatu.

"Siafu. Mama anajua kwamba Jumamosi kuna wageni?"

"Anajua."

"Anajua wanakuja kufanya nini?"

Siafu alijaribu kumtazama machoni, macho yakakataa. "Nimemwambia ni wageni wa kazi. Mambo ya kupiga filamu dukani kwake. Nilikuwa nangoja wakati mzuri, nikasema nitamwambia Alhamisi."

"Na mimi? Mimi anajua ni nani?"

"Anajua tunafanya kazi pamoja."

"Sikuulizi hilo. Siku ya kwanza uliponipeleka dukani, ulimwambia mimi ni nani?"

Siafu aliikumbuka siku ile vizuri: mama amesimama mlangoni na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni, anamkagua kijana kutoka juu mpaka chini, na yeye woga umemshika. "Nilimwambia wewe ni fundi wetu."

"Fundi wa nini?"

"Nilisema fundi tu. Nilitaka kusema wa kompyuta, akawa ameshaanza kukuonyesha taa."

Basi Mpole akaketi. Alikaa juu ya meza, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akacheka, na kile kicheko hakikuwa na furaha hata chembe.

"Kwa hiyo ile taa," alisema. "Alinipandisha ngazi nikabadilisha taa. Wiki iliyofuata cherehani. Halafu bomba la nyuma. Halafu akanisimamia nyuma ya shingo niking'arisha kioo, ananiambia hapa hujafika, pale umeruka. Nikamletea maji ya kunywa akauliza kama yamechemshwa. Siafu, mimi nilidhani ni mkwe anapimwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na mafuta mpaka kwenye masikio, nikimwambia baba mkubwa, yule mama ni mgumu lakini ananipima, ipo siku atanikubali. Miaka miwili nilikuwa najiuliza nimekosea wapi. Kumbe nilikuwa fundi wa bure."

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi je?" Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Siafu amjue, Mpole alipaza sauti. Iligonga ukuta, na mashine ya mpiga chapa chini ikanyamaza ili nayo isikilize. "Unanihukumu mimi kwa kuficha hasira, wewe umenificha mimi mzima mzima. Mimi nimeficha maneno matatu, wewe umeficha mtu. Unataka nikuambie ukweli? Haya. Inaniuma ukisema 'programu yangu' mbele ya watu na mimi nimekaa hapo. Inaniuma ukiniachia mkono tukikaribia mtaa wenu. Na mama yako inaniuma sana, kwa sababu namheshimu na yeye ananiona kama bisibisi. Umesikia? Sasa umejua, na si kwa bahati mbaya."

Walitazamana. Mpole alikuwa anahema, macho yamemwiva, na nywele zimemkaa ovyo. Siafu hakuwahi kumwona hivyo, na katikati ya hasira zake, katikati ya aibu iliyomchoma kama pilipili, moyo wake ulifanya kitu cha kijinga: ulimtaka zaidi. Alitaka kumshika uso. Alitaka pia kumpiga na kile kiatu. Hakufanya lolote, kwa sababu mlango ulifunguliwa bila hodi.

Mama mtu alikuwa amepanda ngazi zote bila kupumzika. Futi ilikuwa shingoni bado, simu mkononi, miwani ameivaa sasa. Aliwatazama wote wawili, akakitazama kile kiatu mkononi mwa Mpole, akakipuuza.

"Shikamoo, mama," Mpole alisema.

Mama hakuitikia. "Nimesikia makelele tangu kule chini. Sijaja kuamua ugomvi wenu wa kazi. Nimekuja kuuliza jambo moja. Nani kaandika hii?"

"Ni mimi, mama."

"Nimeambiwa huko kwamba uliteleza. Kamanda kaniambia ni kidole, kiliteleza."

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Kamanda wa watu alikuwa ameufungua kwa roho safi. Siafu aliona Mpole akiutazama mlango ule.

"Kidole kiliteleza, mama," alisema. "Maneno hayakuteleza. Kuyatuma mbele za watu nimekukosea, naomba radhi kwa hilo, na nitaomba mbele ya kikundi kizima. Lakini niliyaandika mimi, na nilikuwa na uchungu nilipoyaandika."

Mama alivua miwani. "Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa vyote viwili kwa mpigo mmoja." Alimsogelea. "Uchungu wa nini? Nilikunyima nini? Fundi asiposimamiwa anaharibu kazi, nami nilikusimamia. Mafundi wote nawasimamia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandika kwamba mimi ni pipa."

"Mama," Siafu alisema.

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye uliyemleta."

"Ndiyo, ni mimi niliyemleta. Na si fundi." Aliegemea meza. "Yaani, ni fundi wa kompyuta, lakini sikumleta dukani kwa ufundi. Nilimleta umwone. Nampenda, mama. Nampenda tangu kabla ya ile taa. Wageni wa Jumamosi si wa filamu. Ni baba yake mkubwa na wazee wake, wanakuja kuniposa. Nilikudanganya."

Mashine ya mpiga chapa ilianza tena kufanya kazi, ikachoka, ikanyamaza, na mama bado anamtazama Mpole.

"Huyu?" aliuliza mwishowe.

"Huyu."

"Nikampandisha ngazi."

"Ndiyo, mama."

"Nikamwambia akivunja kioo changu atakilipa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo miaka miwili umenikalisha nikimdhalilisha mgeni wangu, na wewe umesimama pembeni unatazama. Halafu mimi ndiye nisiyetosheka. Mimi ndiye mbaya, mbele ya wateja wangu." Sauti yake haikupanda, ilishuka, na Siafu alijua kwamba huko chini ndiko kubaya zaidi. "Haya. Nimesikia. Jibu langu ni hapana. Binti anayemwonea aibu mtu wake hajawa tayari kuolewa, na mtu anayekubali kufichwa miaka miwili hajawa tayari kuoa."

Maneno yale yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yaliuma. Siku nyingine yoyote Siafu angeinamisha kichwa, aseme sawa mama, akalie bafuni. Alisikia kabisa ile "sawa mama" ikija kooni. Aliimeza.

"Mama, sikuulizi," alisema. "Nimekaa miaka miwili kwa kuogopa kukuuliza. Sasa nakuambia."

Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo kwa mama yule, hata marehemu mumewe. Mama aliivaa tena miwani. Kisha alimgeukia Mpole.

"Wewe nenda," alisema. "Mimi na wewe tutaonana Jumamosi. Na yale maneno yako uje nayo, uyaseme mbele ya wazee wako, uone kama mdomo utakuwa mwepesi hivyo. Leo nina kesi na mwanangu."

Siafu hakuamini alichokisikia, Jumamosi imetajwa na mama mwenyewe. Alimtazama Mpole amwambie kwa macho aondoke haraka kabla mama hajabadili mawazo. Mpole aliinama, akavaa kiatu chake cha pili, akafunga kamba taratibu. Akasimama. Hakwenda mlangoni.

"Siondoki, mama."

"Umesemaje?"

"Nimesema siondoki. Kesi yake ni yangu."

Mama alivuta pumzi kama mtu anayetaka kupasua kitu. Mpole alikuwa amesimama mbele yake, jasho linamtoka, lakini hakuangalia chini na hakusema samahani. Mkono wake ulitafuta wa Siafu nyuma ya meza, ukaupata, ukaushika pale pale mama anapoona. Na Siafu hakuuachia.

Mama aliitoa ile futi shingoni, akaikunja, akaiweka mezani. Akavuta kiti kimoja, akakikalia akiwa ameelekea mlangoni, kama mtu asiye na haraka ya kufungua duka.

"Basi kaeni," alisema. "Wote wawili. Kaeni upande mmoja, niwaone vizuri."